Pori Halikuwa Tupu

Kila Desemba nchi nzima inatutania kwamba tunakwenda Kilimanjaro "kuhesabiwa". Utani huo nimeuzoea, hata sijibu tena. Ila Desemba iliyopita nilihesabiwa kweli. Nilifika Moshi mjini, nikaupa mlima kisogo, nikateremka bondeni. Maana kwetu si kule juu migombani wanakopigia picha watalii. Kwetu ni Kahe, chini, kwenye joto, mbu na njia panda ya reli. Huko, chini ya turubai, mbege ikizunguka, baba mkubwa akazindua kitabu cha historia ya ukoo wetu. Kurasa 84. Jalada lina picha ya Kibo.

Mwishoni mwa kitabu kuna mti wa ukoo. Wenzangu wakiwa kwenye nyama, mimi nilikaa pembeni nikahesabu. Majina 211. Wanawake 9, kila mmoja akiwa "mke wa" fulani. Mimi simo. Dada zangu hawamo. Watoto wa kaka yangu wote wa kiume wamo, hata yule wa miezi minne ambaye siku ile alikuwa amelala mapajani mwangu.

Hilo peke yake nisingeliandikia makala. Ningenuna siku mbili nikarudi zangu Dar. Kilichonikalisha chini ni sentensi ya kwanza ya ukurasa wa kwanza. Inasema babu yetu mkubwa alifika Kahe akiwa peke yake na mkuki wake, akakuta pori tupu, akalifyeka.

Mtu akishajulikana kwamba anaandika magazetini, ndugu, marafiki na majirani wa marafiki humletea vitabu vya koo zao "awanyooshee Kiswahili". Nimeshanyoosha saba au nane, vya Machame, Rombo, Ugweno, kimoja cha Usambaa. Vyote vinaanza hivyo hivyo. Mwanamume mmoja, silaha moja, pori tupu. Mkuki unaweza kuwa upinde, pori likawa msitu, mwanamume akawa ametoka Ukambani, Upareni au, kwa wenye tamaa zaidi, Uhabeshi. Lakini hakuna hata kimoja nilichosoma ambamo babu wa kwanza alifika akakuta watu, akaomba maji, akapewa.

Mimi nasema sentensi hiyo ni uongo. Tena si uongo wa kupamba hadithi, wa kumtia babu chumvi kidogo ili wajukuu wafurahi. Ni uongo wenye kazi yake, na kazi hiyo tutaifikia.

Hatukuubuni sisi. Ndugu wa karibu kabisa wa vitabu hivi wako Marekani, ambako kufuatilia ukoo wa babu mlowezi wa karne ya 19 ni shughuli ya watu wengi mno, wana maktaba zake, wana vyama vyake. Na kitabu kilichowafundisha wengi wao jinsi mlowezi anavyofika mahali ni Little House on the Prairie cha Laura Ingalls Wilder, cha mwaka 1935. Familia yake ilikwenda Kansas mwaka 1869 ikajenga kibanda kwenye ardhi ya Waosage, ardhi ambayo serikali yenyewe ilikuwa haijaifungua kwa walowezi. Katika toleo la kwanza, mwandishi alieleza nchi ile kuwa haina watu, halafu papo hapo akataja Wahindi Wekundu wanaoishi humo. Soma tena polepole. Hakuna watu, ila Wahindi wapo. Sentensi hizo zilidumu miaka 18 bila wachapishaji kushtuka. Mwaka 1953, baada ya msomaji kulalamika, walibadilisha neno moja tu: "watu" likawa "walowezi". Yaani nchi haikuwa na walowezi. Sasa hiyo ni kweli.

Neno moja. Na sisi kwenye ukurasa wetu wa kwanza tunalo neno moja la kubadilisha, "tupu", ila hatujampata msomaji wa kulalamika. Basi mimi ndiye.

Kabla sijaendelea, niseme kitu juu ya hilo neno "mlowezi", maana baba mkubwa alikasirika nilipolitumia. Kwetu mlowezi ni Mzungu: Mjerumani wa kahawa, Mgiriki wa katani, Kaburu aliyefika Meru na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Lakini kulowea ni kukaa mahali pa ugeni mpaka pakawa kwako, basi. Mwaka 1987 Igor Kopytoff alihariri kitabu kizima akidai kwamba jamii nyingi za Afrika zilizaliwa hivyo. Watu walitoka kwao kwa njaa, ugomvi au tuhuma za uchawi, wakaenda pembezoni, wakakaa, na walipokaa vya kutosha wakaanza kusema wao ndio wa kwanza. Babu yetu, ambaye kwa hesabu za baba mkubwa mwenyewe alishuka kutoka mlimani miaka ya 1880, alikuwa mlowezi. Si tusi. Tusi ni kusema aliowakuta hawakuwapo.

Na juu mlimani mchezo huu ni wa zamani. Waliokutwa kule tumewageuza Wakonyingo, vijitu vifupi vyenye vichwa vikubwa, vya kuwasimulia watoto usiku. Ni njia ya adabu ya kuwafuta watu: huwaui, unawatia kwenye ngano. Bondeni hata ngano hawakupewa. Wakahe wenyewe, wenye lugha yao na mito yao, wakaitwa pori.

Nani aliyewahi kuiandika Kahe? Wanajeshi. Machi 1916 majeshi ya Smuts yalipigana na Wajerumani pale, na vitabu vya vita vinataja kila kikosi. Vinataja hata mzinga. Mzinga ule una ukoo kuliko mimi: ulitoka kwenye meli ya Königsberg, iliyozamia Rufiji Julai 1915, ukaopolewa, ukafungiwa magurudumu, ukaburutwa hadi Kahe, na Wajerumani wakaulipua wenyewe walipokuwa wanaondoka. Ukitaka nasaba yake unaipata kwa dakika kumi. Jina la mwanamke mmoja aliyekimbia na watoto siku ile mizinga ilipolia, tafuta mpaka uchoke. Dundas alipoandika kitabu chake juu ya Kilimanjaro mwaka 1924, na Kathleen Stahl cha kwake mwaka 1964, macho yao yalikuwa mlimani, kwa wamangi. Mangi gani alimzaa nani, alimpiga nani, alirithiwa na nani. Nadhani vitabu vyetu vya ukoo vimeiga mtindo huo. Kila ukoo unataka kuwa na kamangi kake.

Sasa niwape ya shangazi. Ana zaidi ya miaka 80, na siku ya uzinduzi hakuwa chini ya turubai. Alikuwa jikoni akisimamia masufuria, kama kawaida yao. Nikamsomea sentensi ya kwanza. Akacheka mpaka akashika ubavu.

"Mkuki gani, mwanangu? Alikuja na kidonda mguuni."

Kwa masimulizi yake, ambayo naye aliyapata kwa bibi yake, babu alikimbia mlimani wakati wa vita vya Rindi wa Moshi na Sina wa Kibosho. Alifika bondeni, na bonde likampokea kama linavyowapokea watu wa mlimani, kwa homa. Akaanguka kwenye mji wa Wakahe. Wakamlaza, wakamnywesha. Aliyekuwa akimpelekea uji ni binti wa mji ule. Alipopona, akafanya kazi ya kuzibua mfongo wa baba wa yule binti, msimu mmoja, wa pili, kisha akapewa binti na akapewa kipande cha kulima. Kipande kilikuwa na mpaka wa masale. Kilikuwa na maji. Kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ndiye aliyekitoa. Shamba ambalo kitabu kinasema lilifyekwa kwa jasho la mtu mmoja kutoka pori tupu lilikuwa zawadi ya mkwe.

Halafu kuna wa pili. Mwishoni mwa miaka ya 1890 njaa kubwa iliwapiga Wakamba, Wataita, Wapare, na watu wakatembea kufuata chakula penye maji. Waliokuja Kahe walikuta migomba na mahindi ya mfongo. Wengine hawakuwa na cha kutoa isipokuwa watoto. Msichana mmoja aliachwa kwa babu, rehani, kwa mikungu ya ndizi na kikapu cha mahindi; kwao wangerudi kumkomboa mvua zikinyesha. Mvua zilinyesha. Hakuna aliyerudi. Alipokua, babu akamfanya mke. Mimi ni wa nyumba hiyo.

Kitabuni wanawake hawa wawili wamepewa maneno manne kwa pamoja: "Akaoa wake wawili, akabarikiwa."

Hapa nirudi Marekani kidogo, kwa sababu watu huwa wananiambia kwamba wenzetu walikuwa na makaratasi, sisi hatuna, ndiyo maana tunaandika hivi. Ni kweli walikuwa na makaratasi. Sensa kila miaka kumi tangu 1790. Sheria ya mwaka 1862 ikampa mlowezi ekari 160, na ili amilikishwe ilimbidi akae miaka mitano, alete mashahidi waseme nyumba yake ikoje na amelima nini. Mafaili hayo yapo mpaka leo. Raha tupu kwa mtafuta ukoo. Lakini angalia ni nani aliyemo. Kuanzia 1790 hadi 1840 sensa iliandika jina la mkuu wa kaya tu. Mke, watoto, wote walikuwa tarakimu. Mwaka 1850 watu huru wote wakapata majina, na watumwa wakawekewa daftari lao: umri, jinsia, rangi, chini ya jina la mwenye mali. Ndiyo maana Mmarekani mweusi anayeitafuta nasaba yake hufika 1870, mwaka ambao watu wake waliandikwa majina kwa mara ya kwanza baada ya utumwa, na mara nyingi hapo njia inakatika. Hazikupotea karatasi. Karani alisimama mbele ya mtu aliye hai, akamtazama, akaandika alama.

Kitabu chetu, chenye picha ya Kibo, ni sensa ya 1840. Tofauti ni kwamba karani wa Marekani aliagizwa na serikali. Sisi tumejiagiza wenyewe, na tukachangishana.

Nilipomweleza baba mkubwa haya alinisikiliza vizuri, lazima niseme. Si mtu mbaya. Ndiye aliyenilipia ada ya kidato cha tano. Akanijibu kwa upole: "Mwanangu, unataka tumvue nguo bibi yetu hadharani? Mambo ya rehani ni aibu yake. Tumemsitiri."

Hoja hii ni nzito kuliko zote, na ningeikubali kama isingekuwa kitu kimoja.

Wiki tatu baada ya uzinduzi, binamu yangu wa nyumba yetu, nyumba ya pili, alikuwa kwenye baraza la ardhi kwa shauri la mpaka na binamu wa nyumba ya kwanza. Kitabu cha ukoo kikatolewa kama ushahidi. Yule mwingine akasoma majina yake kuanzia juu hadi chini, kisha akafunga kitabu, akasema kwa mdomo, mbele ya wazee: "Hawa bibi yao aliletwa tu. Hawana chimbuko hapa."

Kumbe wanajua! Siri ambayo haikuandikwa kwa sababu ya heshima ilikuwa imehifadhiwa vizuri kabisa, inangoja siku ya kutumika. Mnamsitiri bibi kwenye karatasi, mnamvua nguo barazani. Hiyo ndiyo kazi ya uongo niliyoahidi kuifikia. Nasaba ni hati ya shamba. Ukiandika "pori tupu", umewafuta Wakahe waliotoa ardhi. Ukiandika "akaoa wake wawili", umejiachia nafasi ya kuamua baadaye watoto wa mke yupi ni wenyeji. Shauri bado halijaisha, na mimi sina uhakika litaishaje.

Jambo la kushangaza ni kwamba sheria imeshatutangulia zamani. Mwaka 1990, Mahakama Kuu kule Mwanza, Jaji Mwalusanya alitoa hukumu ya Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake. Jaji akasema mila inayomnyima mwanamke haki ambayo mwanamume anayo haiwezi kusimama mbele ya Katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikarudia jambo hilo hilo kwa mila zote. Tangu hapo ni miaka mingapi? Na sisi bado tunachapisha mti wa ukoo wenye matawi ya upande mmoja, kwa rangi, kwenye karatasi ya kung'aa.

Hoja ya pili ya baba mkubwa ilikuwa rahisi zaidi: ya shangazi ni maneno ya jikoni, hayana ushahidi. Sawa. Na mkuki je? Nani aliuona? Uko wapi? Masimulizi ya jikoni na masimulizi ya kwenye mbege yote ni masimulizi. Moja limepigwa chapa kwa sababu msimulizi wake alikaa kwenye kiti cha mbele. Mimi kazini nimefundishwa kuandika "kwa mujibu wa". Andikeni hivyo. Kwa mujibu wa shangazi, alikuja na kidonda. Kwa mujibu wa baba mkubwa, alikuja na mkuki. Msomaji ana akili zake. Na shangazi naye anaweza kukosea. Kuna siku alinitajia njaa kabla ya vita, siku nyingine vita kabla ya njaa. Hilo nalo liandikwe.

Wala tusiambiane kwamba habari za watu kama hao haziandikiki. Mwanzoni mwa karne ya 20, wanawake kama Narwimba na Chisi walimsimulia mmisionari Elise Kootz-Kretschmer, kule kusini magharibi mwa nchi yetu, jinsi walivyotekwa, walivyouzwa na walivyotoroka. Marcia Wright akazikusanya habari zao na za wenzao kwenye kitabu cha mwaka 1993. Mle kuna majina, kuna vijiji, kuna hasira. Nilipokuwa nakisoma nilikuwa namwona msichana wa rehani akisimama mlangoni anatazama njia. Na wapenzi wa riwaya mnaopita hapa mnamjua Yusuf wa Gurnah, mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, na tangu Ida Hadjivayanis alipoitafsiri riwaya ile kama Peponi tunaweza kumsoma kwa Kiswahili chetu. Mtoto wa rehani wa kubuni ana riwaya nzima. Wetu, aliyetuzaa kweli, ana nusu ya maneno manne.

Naye Mangi Meli, aliyenyongwa Old Moshi tarehe 2 Machi 1900? Familia yake imehangaika miaka na miaka kukitafuta kichwa chake Ujerumani. Mwaka 2023 Berlin walitangaza kwamba vinasaba vya baadhi ya mafuvu yaliyotoka upande wetu vimelingana na vya jamaa walio hai Kilimanjaro na Meru. La Meli halikuwamo. Nilifurahi kwa ajili ya zile familia, na nilisikitika na wajukuu wa Meli, lakini niliwaza pia: sisi tunawadai Wajerumani, kwa haki kabisa, wafungue makabati yao watutajie majina. Halafu tunarudi nyumbani tunafunga la kwetu.

Nimesikia pia, kutoka kwa vijana wenzangu, kwamba nakuza jambo, kitabu cha ukoo ni cha kufurahisha wazee, hakisomwi na mtu. Hawakuwa barazani siku ile.

Sijaandika humu jina la yeyote kati ya wale bibi wawili. Shangazi analijua la mmoja kamili, na la mwingine anajua lile alilopewa Kahe tu. La kwao lilikufa naye. Nimeyaandika yote mawili kwenye daftari langu, na nimemrekodi shangazi kwa simu, saa mbili na dakika kadhaa, kelele za masufuria zikiwamo. Lakini mahali pa majina hayo pa kwanza si hapa kwenye blogu. Pa kwanza ni kule, ukurasa wa kwanza, penye mkuki.

Toleo la pili linakwenda kiwandani kabla ya Krismasi, kuna makosa ya herufi wanataka kuyasahihisha. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo nimepangiwa mchango wa shilingi 50,000, na nimeombwa nisome kurasa zote kabla hazijachapwa. Nimejibu kwamba pesa ninayo, na kusoma nimeshasoma. Nimewatumia sahihisho moja, la neno la pili la "pori tupu", na aya moja ya shangazi. Baba mkubwa ameiona. Alama mbili za bluu zipo. Bado hajajibu.